Mikono ya Sagyn Kwenye Kioo

Simu ilifika ndani ya kiatu. Kubat aliituma kutoka Moscow kwa mkono wa msafiri, msafiri akamkabidhi dereva, na dereva akaishusha mbele ya duka la kijiji cha Chet-Bulak ikiwa imetumbukizwa ndani ya buti jipya la manyoya, la mguu wa kushoto. Ndani ya buti la kulia mlikuwa na chaja na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Zuurakan aliyavaa mabuti kwanza. Yalimkaa vizuri. Kisha akaketi karibu na jiko, akaifungua karatasi na kuilaza juu ya goti.

Ilitoka kwa mwanawe Sagyn, aliyekuwa Moscow pamoja na Kubat. Sagyn hakuwa mtu wa kuandika. Herufi alizifahamu, na jina lake aliliandika bila kukosea, lakini sentensi ilimshinda tangu utotoni. Kwa hiyo alichora. Palikuwa na nyumba, nyumba yao hasa, yenye bomba la moshi lililopinda. Juu ya paa alichora dishi. Chini ya dishi alichora simu, na ndani ya simu mikono miwili iliyokunjua vidole. Pembeni aliweka majua saba madogo katika mstari, na lile la saba akalizungushia duara.

Siku ya saba, Jumapili, Zuurakan akasema moyoni. Niweke dishi, na Jumapili nitaiona mikono.

Kesho yake akaanza kumtafuta mtu wa intaneti.

Sagyn alizaliwa hasikii. Alipofika miaka saba walimpeleka mji mkuu, kwenye shule ya bweni ya watoto viziwi. Mwezi wa pili akaugua mapafu. Baba yake, Ormon, akapanda basi kutwa nzima, akamkuta kitandani amebaki mifupa, akamfunga ndani ya koti lake la ngozi ya kondoo na kurudi naye. Tangu hapo Ormon hakutaka kusikia tena habari za shule. Mtoto akakulia Chet-Bulak kati ya kondoo na farasi, na kwa kuwa watu watatu hawawezi kuishi chini ya paa moja bila kusemezana, wakajitungia maneno yao.

Hakuna aliyewafundisha. Mama ilikuwa mikono miwili ikiteremka kutoka masikioni mpaka kifuani, mahali pa misuko ya nywele. Baba ilikuwa ngumi chini ya kidevu, inavuta ndevu. Sagyn mwenyewe aliitwa kwa kidole gumba kilichofumbatwa na mkono wa pili, kwa sababu alipokuwa mchanga hakulala mpaka akishike kidole gumba cha baba yake. Kulikuwa na neno la farasi, la theluji, la uongo, la maziwa yaliyomwagika, la mgeni anayetaka kuondoka ila anaona haya kuaga. Siku moja akiwa anakamua ng'ombe Zuurakan aliyahesabu, akafika mia tatu na kidogo. Watu wa kijiji walimwita mwanawe Bubu, wala hawakuwa na ubaya, kama wanavyomwita mtu mrefu Mrefu.

Miaka minne ilikuwa imepita tangu Kubat, mtoto wa dada yake Ormon, amchukue waende kushona makoti Moscow. Toka siku ile mama na mwana hawakuwa wamesema hata neno moja. Mtandao wa simu wa Chet-Bulak ulibeba sauti peke yake, na hiyo mpaka usimame kwenye lango la zizi na kuelekea kusini. Picha haikupita. Na sauti ingemfaa nini Sagyn? Aliyepiga kila wiki alikuwa Kubat.

"Yuko salama, mama. Amekula, amelala. Anakusalimu."

"Anasalimu vipi?"

"Kama kawaida. Anapunga mkono."

"Mkono upi? Vidole vikoje?"

"Mama," Kubat alikuwa akivuta pumzi, "mimi ni mshona zipu. Mambo ya vidole usiniulize."

Ormon alipofariki, mwaka juzi mwezi wa kumi, habari ilipita njia hiyo hiyo. Zuurakan alimwambia Kubat kwa sauti, akiwa amesimama langoni kwenye upepo, na Kubat akamwandikia Sagyn maneno mawili: Baba hayupo. Vibali vya Sagyn vilikuwa havijakamilika, hakuweza kuja kuzika. Maneno mawili yale aliyapokeaje, aliyafanyia nini, mama yake hakujua.

Fundi aliyepatikana aliitwa Ulan, mtu mzima mwenye kitambi, aliyepanda ngazi huku anaguna. Ijumaa alilifunga dishi kwenye paa, akalielekeza kwenye mnara mpya uliosimamishwa mlimani kiangazi kilichopita, akapitisha waya dirishani, na ndani akaweka kisanduku cheupe chenye taa tatu za kijani. Simu ya Zuurakan haikuwa na chaji wakati huo, kwa hiyo hawakuijaribu. Ulan alikigeuza kisanduku, akamwonyesha kibandiko chini yake.

"Hili ndilo jina la mtandao, mama, na hili ndilo nenosiri. Chagua jina, andika nenosiri, umeingia. Mjukuu wangu wa miaka mitano anafanya."

"Mimi nina hamsini na tisa."

"Basi utafanya kwa utulivu zaidi," alisema Ulan, akanywa chai akiwa amesimama, na kuwahi kijiji cha pili kabla theluji haijafunga njia.

Jumapili Zuurakan alijifunga kitambaa cheupe cha kichwa, kile cha kwendea harusini. Alitandika meza, akaweka mkate, siagi na boorsok, vimandazi alivyovikaanga asubuhi, ingawa hakuwa amemwalika mtu. Lakini Batma hakuhitaji mwaliko. Alikuwa dada yake Ormon, mama yake Kubat, na alikaa nyumba ya pili. Dishi aliliona likipanda paani kabla Ulan hajafunga skrubu ya kwanza.

"Nimesikia umeleta waifai," alisema, akivua galoshi, viatu vyake vya mpira, mlangoni. "Wifi nipo hapa miaka thelathini na tano, hujaridhika?"

"Ile ukiizima inanyamaza."

Batma akacheka mpaka akajishika kiuno, kisha akakaa mahali pazuri karibu na jiko na kujimiminia chai.

Simu ilikuwa imejaa chaji. Zuurakan aliipangusa kwa ncha ya kitambaa, akafuata alivyoelekezwa. Kwenye orodha ya mitandao palikuwa na jina moja tu, maana hapakuwa na nyumba nyingine yenye kisanduku mpaka ng'ambo ya mto. Akaligusa. Simu ikaomba nenosiri. Batma akavaa miwani ya marehemu kaka yake, iliyokuwa bado inaning'inia kwenye msumari, akakipindua kisanduku na kuanza kumsomea herufi moja moja, kwa majina yale waliyofundishwa shuleni, majina ya herufi za Kirusi.

"En. Er. Ve. Ka. Nne. Saba. Em. Te."

Zuurakan aliandika kwa kidole cha shahada, polepole, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Akabonyeza. Simu ikasema nenosiri si sahihi.

"Umeharakisha," Batma alisema.

Wakarudia. Si sahihi. Wakabadilishana, Zuurakan akasoma na Batma akaandika. Si sahihi.

"Labda haikujui," Batma alisema. "Iambie wewe ni nani. Waambie hao ndani wakufungulie, umeleta boorsok."

Zuurakan hakucheka. Aliitazama saa ya ukutani. Saa nane kasoro dakika kumi. Huko Moscow ilikuwa karibu saa tano asubuhi, na Jumapili ya Sagyn ilikuwa inapita. Alitupia koti mabegani, akachukua simu yake ya zamani ya vitufe, akaenda kusimama langoni na kumpigia fundi.

"Mama, niko juu ya paa la watu," alisema Ulan, upepo ukimkata sauti. "Sema."

"Linakataa. Nimeandika mara tatu, herufi kwa herufi."

"Umeandika kwa herufi zetu au za Kilatini?"

"Nimeandika zilivyo. Zinaonekana hizi hapa."

Ulan akacheka, cheko la mtu aliyekumbuka kosa lake mwenyewe. "Nisamehe, mama, ilibidi nikuambie. Hiyo ya kwanza unaiitaje?"

"En."

"Wenye nayo hawaiiti hivyo. Hiyo kwao ni ha, kama unapohema. Na hiyo unayoiita ve, kwao ni be. Sura moja, ukoo mbalimbali. Wewe na mimi tunaangalia sura. Simu inauliza ukoo. Bahati mbaya nenosiri lako lote ni herufi za aina hiyo, ndiyo maana hukushtuka. Sasa sikiliza. Chini ya kioo, kwenye herufi, kuna kitufe chenye mfano wa dunia. Bonyeza dunia kwanza. Halafu andika upya."

"Dunia."

"Ndiyo, mama. Dunia kwanza."

Alirudi ndani na theluji begani. Kitufe kilikuwepo, kidogo kuliko punje ya shayiri, kiduara chenye mistari. Alikibonyeza na herufi zote zikahama viti, zile za Kirusi zikaondoka na ngeni zikaketi mahali pake. Aliitafuta kila moja kwa sura yake, akaandika zote nane.

Batma akachungulia. "Mbona ni zile zile?"

"Kwa macho yetu."

Alibonyeza. Simu ikawa kama inafikiri. Halafu juu kabisa ya kioo, penye alama ndogo ya pinde tatu zisizojazwa, upinde mmoja ukajaa, na wa pili, na wa tatu, na chini ya jina la mtandao likatokea neno moja: Imeunganishwa.

Hapakutokea kitu kingine. Taa za kisanduku ziliwaka vile vile, jiko lilinguruma vile vile. Zuurakan alijiona mjinga na kitambaa chake cheupe.

Kisha simu ikatetemeka mkononi mwake. Ikalia kengele moja, mara mbili, mara tano, mpaka kengele zikapandana na haikuwezekana kuzihesabu. Kubat alikuwa ameiandaa simu kabla ya kuituma, akaweka ndani yake jina la Sagyn na sura yake, na tangu siku walipoifunga ndani ya buti Sagyn alikuwa akituma picha kila siku, bila kujua zitafika lini. Sasa zilikuwa zinashuka zote kwa pamoja. Dirisha lenye barafu. Sahani ya tambi. Koti jekundu lisilo na mikono. Njiwa kwenye ukingo wa ukuta. Mkono wa Sagyn wenye jeraha la sindano, kisha mkono ule ule umepona. Arobaini na moja.

"Vilikuwa wapi vitu hivi siku zote?" Zuurakan aliuliza.

Batma alitazama dari, na juu ya dari lilikuwepo paa, na juu ya paa anga jeupe la mwezi wa pili lisilo na hata ndege mmoja. "Huko," alisema.

Zuurakan aliigusa alama ya kamera iliyokuwa kando ya jina la mwanawe. Simu ikaita, mlio wa polepole wa kupanda na kushuka, halafu kioo kikawa cheusi, halafu Sagyn akawa ndani yake.

Alikuwa amenenepa usoni. Alikuwa na ndevu. Alikuwa karibu kuliko alivyowahi kuwa mtu yeyote katika picha, hata alipopepesa macho kope zake zilionekana moja moja, na alipepesa sana.

"Sagyn," mama yake akaita. "Mwanangu. Sagyn."

"Unamwita nani, wifi?" Batma alisema kwa upole usio wa kawaida yake. "Hata hii haijamfungua masikio. Tumia mikono."

Lakini mkono mmoja ulikuwa umeishika simu, na kwa mkono mmoja maneno yalitoka nusu nusu, kama mtu anayezungumza na chakula mdomoni. Batma akaichukua amshikie. Mikono yake ilitetemeka na Sagyn akawa anaruka juu chini kama yuko mgongoni mwa farasi. Waliiegemeza kwenye samawari, ikaanza kupata moto. Mwishowe wakaikalisha juu ya mkate wa duara na kuiegemeza kwenye chupa kubwa ya jemu, ikatulia.

Zuurakan akarudi nyuma hatua mbili. Akainua mikono yote miwili mbele ya kifua chake, na kwa muda haikujua ianze na nini. Miaka minne haikuwa imesema kitu. Vidole vilikuwa vimeota sugu mpya za kamba na za ndoo, na alihofu kwamba maneno yamemtoka.

Akafumbata kidole gumba chake. *Sagyn.*

Upande wa pili, maelfu ya kilomita, kijana wake akashusha mikono kutoka masikioni mpaka kifuani. *Mama.*

Basi ikawa kama maji yaliyofunguliwa mferejini. Umekula? Nimekula. Ng'ombe mwekundu? Amezaa, ndama dume. Theluji? Mpaka hapa. Meno yako? Moja limeng'oka. Lipi? Akafungua mdomo akamwonyesha, na Sagyn akasogeza uso kwenye kioo kuangalia, na wote wawili wakacheka, yeye kwa sauti, Sagyn kwa ile pumzi yake ya kukoroma ambayo Zuurakan hakuisikia tangu walipoagana, na sasa ilitoka ndani ya chombo kile kama iko chumbani.

Sagyn akachungulia upande. Akaunganisha vidole vinne juu na gumba chini, akavifungua na kuvifunga haraka haraka, kama mdomo wa bata.

"Anasemaje?" Batma aliuliza.

Zuurakan akasita. "Anauliza kama shangazi yake yupo."

"Shangazi ndiyo hiyo?" Batma aliutazama mkono wake mwenyewe, akajaribu, vidole vikafunguka na kufunga kama bata. "Tangu lini?"

"Tangu akiwa na miaka mitatu."

"Miaka ishirini na tatu mnaniita bata mezani kwangu nikila?"

"Ulikuwa ukila mezani kwetu, wifi."

Batma akausogeza uso wake kwenye simu, akampigia mpwa wake ule mdomo wa bata usoni, kwa nguvu, mara tatu. Sagyn alikunja mwili kwa kicheko mpaka akatoka kwenye kioo.

Aliporudi, hakuwa anacheka. Alikaa vizuri. Akaweka ngumi chini ya kidevu, akavuta, taratibu. *Baba.* Kisha akageuza viganja vyote viwili juu, akavishikilia hapo. Vipi? Ilikuwaje?

Zuurakan alijua swali hilo litakuja. Alikuwa amelala nalo miezi kumi na sita.

Alianza na nyasi. Akamwonyesha Ormon juu ya rundo la nyasi kavu, uma mkononi, jua. Akamwonyesha akiushusha uma na kukaa, kama mtu aliyekumbuka kitu. Upande wa kulia ukafa, mkono, mguu, nusu ya uso. Na ulimi. Hapo Zuurakan aligusa mdomo na kuupiga kufuli. Siku mbili alikuwa hai bila sauti. Daktari wa wilaya alikuja, akasema ni kungoja.

Sagyn hakupepesa.

Alikuwa hana sauti, mama yake akaendelea, basi akazungumza kama wewe. Kwa mkono wa kushoto. Aliniomba maji kwa neno lako. Aliniuliza kama farasi wamenyweshwa, kwa neno lako. Aliniambia theluji inakuja, na kweli ilikuja. Siku mbili nzima mimi na baba yako tulisema maneno yako, kwa kuwa hakuna mengine yaliyobaki.

Asubuhi ya siku ya pili alitaka kukuita. Jina lako linataka mikono miwili na yeye alikuwa na mmoja. Alikitoa kidole gumba, hivi, akakiinua kitandani, akaniangalia. Mimi nikakifumbata. Zuurakan akainua gumba lake la kushoto mbele ya kioo. *Hiki cha baba.* Akaleta mkono wa kulia. *Huu wangu.* Akafumbata. Akabaki hivyo. Tukakuita pamoja, kisha akalala, hakuamka.

Ndani ya nyumba jiko lilikuwa limefifia na hakuna aliyeinuka kuongeza kuni. Batma alikuwa ameifuata mikono ile tangu mwanzo na hakuelewa kitu, mpaka lile gumba.

"Umemwambia nini?" aliuliza. "Kuhusu kaka yangu. Umemwambia nini?"

Zuurakan akamwambia kwa mdomo. Hakuwa amewahi kumwambia mtu.

Batma alivua ile miwani. "Nilikuwa hapo," alisema. "Nilikuwa hapo miguuni pake siku zote mbili, nikiuona ule mkono unavyocheza. Nilidhani ni ugonjwa unamtetemesha. Nikawa nauficha ndani ya blanketi." Aliikunja ile miwani. "Alikuwa akisema, nami nikaufunika."

"Hukujua, wifi."

"Sikutaka kujua. Miaka yote ile sikujifunza hata neno la maji."

Kwenye kioo Sagyn alikuwa amefunika uso. Mkono wa mtu mwingine ukaingia kutoka pembeni na kukaa begani kwake, mkono wa mwanamke, wenye pete nyembamba. Sagyn akajipangusa, akamtazama mama yake, akainyanyua simu. Kioo kikazunguka, dari, taa, pazia, halafu akaisimamisha mahali pa juu, na Zuurakan akaona chumba.

Kilikuwa chumba cha kawaida, chembamba, chenye meza ndefu. Watu wanane au tisa walikuwa wameizunguka, chai na viazi mbele yao: mwanamume mwenye upara, bibi mwenye sweta la kijani, wasichana wawili wanaofanana, na wengine. Kulikuwa kimya. Hapakuwa na sauti ila ya vijiko. Na katika kimya kile wote walikuwa wanazungumza, wote kwa wakati mmoja, kwa mikono. Maneno yalivuka meza juu ya sahani, yakakatizana, yakajibiwa kutoka kona. Mwenye upara alikuwa anabishana na watu wawili kwa pamoja, mmoja kwa kila mkono. Bibi yule alikuwa anamsema mtu ambaye hakuwepo, na ilijulikana wazi kwamba anamsema.

Sagyn akagonga meza kwa ngumi na wote wakageuka.

Akawasimulia. Zuurakan alijua ni nini anasimulia kwa sababu aliiona nyasi, lakini haikuwa nyasi yake ya vidole vitatu. Ilikuwa uwanda mzima, unalala na kuinuka kwenye upepo. Mikono ya mwanawe ilienda kwa kasi asiyoijua, maneno hayakuwa yale mia tatu, yalikuwa mengi pasipo mwisho, yalizaliwa moja ndani ya jingine, na uso wake wote ulikuwa ukifanya kazi, nyusi, mashavu, mabega. Alikuwa Ormon na uma. Alikuwa daktari anayetikisa kichwa. Alikuwa mama yake, misuko na yote. Mwenye upara aliweka kiazi chini. Alipofika kwenye gumba hakuenda haraka. Alilitoa, akaliacha peke yake hewani mpaka chumba kizima kikawa kinalitazama, ndipo akaleta mkono wa pili. Bibi wa sweta la kijani alilishika gumba lake mwenyewe, pengine bila kujua.

Zuurakan akasogea karibu na kioo. Alikuwa amemzaa mtu huyu. Alikuwa amemlisha, amempa maneno yote aliyokuwa nayo, na siku zote aliamini kwamba ndani ya kichwa kile mna maneno yale tu, chumba kidogo chenye samani chache. Na sasa alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ambayo haoni ukuta wake wa mwisho. Kijiji kizima kilimwita Bubu. Kule, watu walinyamazisha mikono yao ili wamsikilize.

"Anaongea vizuri?" Batma alinong'ona, ingawa hapakuwa na wa kumsumbua.

"Sielewi nusu ya anachosema," Zuurakan alijibu. "Ni mimi niliye bubu pale." Na aliposema hivyo hakuona uchungu wowote, aliona mwanga, kama mtu aliyetoka pangoni kwenye theluji ya mchana.

Baadaye Sagyn alisema kitu kingine kifupi na meza yote ikaangua kicheko kikubwa kisicho na adabu, sauti za kila namna, na yeye mwenyewe akabaki na uso mkavu kama wafanyavyo wachekeshaji wazuri. Kisha akamleta mwanamke mwenye pete mbele ya kioo. Hakumtaja kwa mdomo, angemtajaje; alichimba kidole shavuni, na mwanamke akatabasamu na kishimo kikatokea pale pale. Jina lake la vyeti, Perizat, walikuja kulijua kwa Kubat wiki iliyofuata. Mwanamke alimtazama Zuurakan, akashusha mikono kutoka masikioni mpaka kifuani. Alikuwa amefundishwa.

Waliagana jua likiwa limeshagusa mlima. Batma alivaa galoshi zake, akafungua mlango, akarudi.

"Maji," alisema. "Maji ni vipi?"

Zuurakan akamwonyesha. Batma akafanya mara mbili, akaenda zake kwenye theluji huku mkono wake ukiendelea kufanya.

Jumapili zikaanza kuwa na kazi. Perizat alifundisha, akiwa na subira kama ya mtu anayemfumia mtoto soksi, maneno matano kila wiki, ya lugha ile kubwa ya viziwi wa Moscow. Zuurakan na Batma waliyarudia mbele ya chupa ya jemu, wakikosea na kutukanana. Theluji ilipolijaza dishi Zuurakan alipanda ngazi na ufagio, Batma akiwa chini anamwita kichaa.

Jumapili moja ya mwezi wa nne alikuja Kenje, mwanamke kijana kutoka ng'ambo ya mto. Hakusema shida yake. Alikunywa chai, akazungumzia kondoo, akazungumzia bei ya unga, na pembeni yake alikaa binti yake Akmoor, wa miaka minne, aliyekuwa akitazama midomo ya watu kwa makini mno. Mlango ulipopigwa na upepo wote walishtuka isipokuwa yeye.

"Nimesikia," Kenje alisema mwishowe, akiangalia kikombe, "kwamba hapa Jumapili kuna watu."

Zuurakan akaikalisha simu juu ya mkate. Chumba cha Moscow kikafunguka, meza, sahani, mikono inayopaa. Akmoor aliinuka. Aliisogelea simu mpaka pua ikakaribia kioo, kisha akaenda nyuma ya chupa ya jemu kuwatafuta, hakukuta mtu, akarudi mbele. Perizat alishaona ni mtoto. Aliwatuliza wenzake, akainama, akamsalimia.

Mtoto alikuwa na kipande cha boorsok mkononi, akakiinua, amwonyeshe.

Perizat akakionyesha kwa kidole, kisha akafanya neno la mkate, kiganja kimoja kikikata juu ya kingine. Akasubiri.

Akmoor aliweka boorsok mezani kwa uangalifu, ili mikono iwe mitupu. Kenje aliacha kunywa. Kiganja kidogo kilipanda juu ya kingine, kikakosa, kikajipanga, kikakata.

Perizat akalirudia. Mtoto akalirudia.